Darasa la Jumamosi la programu za matukio, Soweto Mbeya: nimelipa, nimesoma, maoni yangu haya hapa

Tangu niweke picha ya mashine yangu mpya ya kutotoleshea vifaranga kwenye kundi letu la wafugaji, simu haitulii. Wanaouliza bei nimewajibu mmoja mmoja. Wanaouliza nilijifunzia wapi kuifanya mashine itume meseji umeme ukikatika nawajibu hapa kwa pamoja, maana kuandika jambo moja kila siku ni kazi ya punda.

Lile darasa la Jumamosi pale Soweto, ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule, linastahili hela yako kama una kitu mkononi unachotaka kukitengeneza. Kama unatafuta cheti cha kubandika ukutani, baki nyumbani. Cheti chenyewe ni karatasi ya A4 iliyochapwa na printa ambayo wino wake ulikuwa unakata roho.

Mimi ni fundi umeme, niko Uyole. Kwa miaka sasa naunda mashine za kutotoleshea kwa mbao na kwa maboksi ya friji bovu. Balbu, feni, themostati, sinia la maji, basi. Zinatotoa. Shida ni hali ya hewa yetu: Juni na Julai baridi ya usiku haina adabu, na umeme ukikatika saa nane usiku mwenye kuku amelala, asubuhi anakuta trei zima limepoa. Nilitaka mashine imwamshe mwenyewe. Kijana wa dukani ninakonunua vifaa ndiye aliyeniambia kwamba ninachotafuta si umeme tena, ni programu, tena za aina yake: zile zinazokaa zikisubiri jambo litokee, likitokea ndipo zinafanya kazi. Akanielekeza kwa hawa.

Ada ni shilingi 150,000, na wanakubali ulipe mara mbili. Vifaa, yaani bodi ya Uno (kompyuta ndogo ya Arduino ya kuendeshea vifaa), waya, vitufe, taa ndogo na sensa ya joto, ni 85,000 nyingine, na hilo hawakuambii mpaka umeshalipa ada. Nililalamika pale pale mapokezi. Dada wa mapokezi akanijibu, "Baba, hata mimi huwa nawaambia waandike kwenye tangazo." Juzi nimepita, tangazo liko vile vile.

Chumba ni kidogo, madirisha yanatazama barabarani, na kabla ya saa tatu asubuhi unasoma ukiwa na koti. Kompyuta zao ni za zamani lakini zinawaka. Tulikuwa mchanganyiko: vijana wa chuo, kijana mmoja wakala wa fedha za simu kutoka Mwanjelwa, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyetaka kumtengenezea mjukuu wake mchezo, na mimi na mikono yangu yenye makovu ya kulehemu.

Kitu cha kwanza alichotufanyisha mwalimu hakikuwa na waya wala bodi. Alitufungulia kivinjari, hiki hiki cha kuingilia mtandaoni, na kipande kifupi cha programu ya lugha ya JavaScript, cha kuhesabu kitufe kimebofywa mara ngapi; hesabu hiyo inafanywa na funksheni, yaani fungu la amri lenye jina lake. Nilinung'unika moyoni, sikwenda pale kujifunza kutengeneza tovuti. Lakini nampa haki yake: kwenye kivinjari kila kitu ni tukio. Umebofya, umeandika herufi, umesogeza kipanya, ukurasa umemaliza kufunguka, yote ni matukio, na hununui hata waya mmoja ili uyaone. Lugha yenyewe aliitunga Brendan Eich mwaka 1995 akiwa Netscape, toleo la kwanza kwa siku kama 10 tu, na toka hapo imekuwa lugha ya kuitikia anachofanya mtu kwenye ukurasa.

Wazo lenyewe alilieleza hivi. Dereva wa daladala ya Uyole hasimami kila nguzo ya umeme akageuka nyuma kuuliza nani anashuka. Anaendesha. Abiria akisema "shusha", konda anagonga bodi, gari linasogea pembeni. Programu ya kuuliza-uliza inamaliza nguvu kwenye kuuliza. Ya matukio imeshapatana mapema: likitokea hili, fanya lile.

Yule mama mstaafu akauliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo tukaona haya. "Sasa mwanangu, hiyo funksheni ya kuongeza hesabu naiona umeiandika. Mahali unapoiita sipaoni. Inaitwa na nani?"

Mwalimu akacheka. "Mama, shikamoo tena. Ungekuwa umenisaidia kufundisha toka asubuhi."

Kivinjari ndicho kinachoita. Wewe unakikabidhi jina la tukio na jina la funksheni, kinavitunza, kitufe kikibofywa kinaitafuta hiyo funksheni na kuiita. Ndiyo maana kwenye addEventListener, amri ya kukikabidhi hivyo viwili, unaandika jina la funksheni peke yake, bila mabano mwishoni. Wakala wetu wa Mwanjelwa aliweka mabano. Ukurasa wake ukifunguka tu hesabu inasoma moja, na baada ya hapo kitufe hakiitikii chochote, hata ukikibofya mpaka kesho. Tukajaa kwenye kioo chake, kila mtu na dawa yake: mmoja anasema kompyuta mbovu, mwingine afungue upya. Mwalimu hakugusa kibodi. Alimuuliza tu, "Umekiachia kivinjari jina, au umeiita funksheni wewe mwenyewe?" Kijana akatazama weee, akafuta mabano, ikakubali. Mabano yale yalikuwa yanaiita funksheni hapo hapo ukurasa unapofunguka, halafu kivinjari kinabaki hakina cha kuita.

Namna hiyo ya kufundisha ndiyo iliyonifanya nirudi. Anaacha mtu akwame kidogo. Kasoro yake anaandika ubaoni huku amejikinga mbele ya maandishi, mpaka asogee nusu ya darasa hawajaona kitu.

Somo lililofuata ndilo lililonifanya niache kuangalia saa. Ukurasa una vitufe viwili. Cha kwanza kinaongeza moja kwenye namba. Cha pili kinaanzisha lupu, yaani amri zinazojirudia, inayozunguka bure kwa sekunde 10. Unabofya cha pili, halafu unarudi kwenye cha kwanza unakibofya mara tano. Namba haisogei. Ukurasa umeganda. Unabofya kwa hasira, wapi. Sekunde 10 zikiisha, namba inaruka kutoka sifuri hadi tano kwa mpigo, na wewe wakati huo umeshaondoa mkono. Mibofyo yako haikupotea, ilipanga foleni. Kivinjari kinamaliza funksheni moja mpaka mwisho ndipo kinachukua tukio linalofuata. Hakiikatizi iliyo kazini.

Kwa hiyo ile kanuni ya kwamba funksheni ya tukio iwe fupi haikuhitaji kukaririshwa. Tuliiona kwa macho. Funksheni ikikaa ndani muda mrefu, wote walio nyuma wanasubiri, na mtumiaji anaamini programu imekufa.

Kijana mmoja wa chuo akabisha kwamba ukitumia setTimeout, amri ya kuahirisha kazi kwa muda unaoutaja, kwa muda wa sifuri, kazi inafanyika papo hapo. Mwalimu akamwambia aandike mistari mitatu: wa kwanza uchapishe A, wa pili uchapishe B kwa setTimeout ya sifuri, wa tatu uchapishe C. Ikatoka A, C, B. Kijana akairudia akidhani kakosea. A, C, B. Hata ukiomba sifuri, B inapelekwa kwenye foleni, na foleni haiguswi mpaka msimbo (maandishi ya programu) unaoendelea umalize wote. Sikujua kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kumnyamazisha kijana wa mwaka wa pili. Mwalimu akaongeza kwamba ndivyo inavyofanya kazi Node.js, ile ya Ryan Dahl ya mwaka 2009 ya kuendeshea seva: msimbo wako uko kwenye mstari mmoja wa kazi, foleni ndiyo inayopanga zamu, na hakuna anayekaa bure kusubiri diski au mtandao ujibu.

Sehemu ya tovuti naishia hapo. Kulikuwa na somo zima la kupamba fomu kwa rangi ambalo kwangu lilikuwa la kujaza muda.

Nusu ya pili ndiyo iliyonileta. Bodi ya Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikikusudiwa wanafunzi wa usanifu wasio na elimu ya elektroniki, na kweli mtu asiyejua kushika mita anaweza kuwasha taa siku ya kwanza. Ila hapa hakuna kivinjari cha kukuitia funksheni zako. Kuna chipu ya ATmega328P yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 na kitu kinaitwa loop kinachozunguka bila kukoma. Foleni, zamu, kusikiliza, vyote unajiundia mwenyewe. Wengine walilalamika kwamba ni kurudi nyuma. Mimi naona ndipo mtu anapoelewa kile ambacho kivinjari kilikuwa kinamfanyia kimya kimya.

Kilichokufa kwanza ni delay, amri ya kuifanya bodi isimame isubiri. Mafunzo yote ya bure ya mtandaoni yanaanza na taa inayowaka sekunde moja na kuzima sekunde moja kwa delay, na kwa taa peke yake hakuna ubaya. Weka na kitufe cha kuzima king'ora, utaona: bodi iko ndani ya delay, mtu kabonyeza na kuachia, bodi inatoka kwenye delay haijui kama kuna mtu alipita. Mwalimu akatufundisha kutumia millis, saa ya ndani inayohesabu milisekunde tangu bodi iwashwe. Loop inazunguka mbio, kila mzunguko inauliza: muda wa kugeuza mayai umefika? muda wa kusoma joto umefika? kitufe kimeguswa? Hakuna anayemzuia mwenzake.

Na hapa mwalimu alinipatia kitu ambacho peke yake kinarudisha nusu ya ada. Alisisitiza mpaka tukachoka kwamba muda uliopita unaupata kwa kutoa, sasa toa zamani, kisha unalinganisha na kipindi chako. Usijumlishe kipindi kwenye muda wa zamani ukasubiri saa ifike hapo. Sababu ni kwamba millis inatunzwa kwenye biti 32, ikifika 4,294,967,295 inaanza upya sifuri, na hiyo ni siku 49.7. Kwa mwenye kuwasha taa darasani hilo halimhusu. Mayai ya kuku yanachukua siku 21. Mashine ya mfugaji haizimwi, awamu inaingia awamu inatoka, na siku ya 49 unakuwa katikati ya awamu ya tatu. Ukitoa, hesabu inabaki sahihi hata saa ikirudi sifuri. Ukijumlisha, mota ya kugeuza mayai inaweza kuchanganyikiwa siku hiyo na hutajua kwa nini, maana ukizima na kuwasha inapona.

Halafu tukafika kwenye kitufe. Tulikifunga kwenye pini namba 2, namba inaonekana kwenye kompyuta. Bonyeza: 1. Bonyeza: 4. Bonyeza: 5. Bonyeza: 9. Vijana wakaanza kupekua msimbo mstari kwa mstari. Mimi nilicheka, kwa sababu hilo ni suala la umeme. Vyuma viwili vikigusana havitulii papo hapo, vinarukaruka kwa milisekunde chache ndipo vinakaa. Kidole kinajua kimebonyeza mara moja, lakini chipu yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde inaona kila mruko. Mwalimu akaonyesha dawa ya kiprogramu: mbonyezo wowote unaokuja ndani ya milisekunde 50 baada ya uliotangulia usiuhesabu. Nikamwomba nionyeshe ya kwetu. Nilitoa kapasita ya nanofaradi 100 mfukoni, nikaipachika kwenye miguu ya kitufe, msimbo haukuguswa. Namba ikapanda moja moja. "Fundi," akasema, "kuanzia leo tunaweka zote mbili." Na kweli awamu iliyonifuata wamefundishwa hivyo, nimeulizia.

Sasa malalamiko, na si madogo.

Intarapti zilipitishwa mbio. Hizi ndizo zinazoiwezesha chipu kuacha inachofanya na kushughulikia pini iliyobadilika hali, hata ikiwa katikati ya delay. Kwenye Uno pini za kawaida za kazi hiyo ni namba 2 na 3 tu. Mtu aliyetoka kujifunza kwamba kila tukio linasubiri foleni anaambiwa sasa kuna tukio lisilosubiri, linaloingia katikati ya mstari wowote. Hapo panahitaji nusu siku. Tulipewa saa moja. Tuliambiwa tuandike volatile mbele ya jina la kigezo (mahali programu inapotunza thamani) bila kuelezwa kwamba bila neno hilo kikusanyaji msimbo, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, kinaweza kudhani thamani haibadiliki na kuacha kuisoma upya. Tuliambiwa ndani ya funksheni ya intarapti usitumie delay, bila kuambiwa kwamba humo saa ya millis yenyewe haisogei. Niliyasoma nyumbani. Kilichonisaidia ni kuweka ndani ya intarapti mstari mmoja tu, wa kuinua bendera kwamba umeme umekatika, na kuiachia loop kazi zote nzito.

Kubwa zaidi: darasa zima linakufundisha kuitikia tukio likija. Lisipokuja je?

Siku tuliyounda king'ora cha joto, msimbo ulisema kama joto ni chini ya 36, piga kelele. Tukaweka barafu, kikalia, watu wakapiga makofi. Mimi nikachomoa waya wa sensa. Kimya. Nikauacha hivyo hivyo, kimya. Ile maktaba, yaani msimbo uliokwisha tayarishwa, ya kusomea sensa za DHT, aina tuliyopewa kwenye kifurushi, ikikosa usomaji inarudisha thamani maalumu ya "hii si namba", na thamani hiyo ukiilinganisha na 36 kwa kuuliza kama ni ndogo, jibu siku zote ni hapana. Maana yake panya akitafuna waya, mashine inanyamaza sawasawa na siku ambayo kila kitu ni kizuri. Mfugaji anaamka, anaangalia taa ya kijani, anaenda shamba.

Nilimwita mwalimu akaja akaona. Akasema ni swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia, mafunzo yakaisha. Kwa mtu anayetaka kufunga kifaa kwenye banda, hili lilipaswa kuwa somo la tatu, siyo swali la kuahirisha. Nilivyofanya mimi ni hivi: kila usomaji mzima unapofika, naandika saa yake. Loop inaangalia kama zimepita sekunde 30 bila usomaji mzima, na hilo nimelifanya kuwa tukio kamili lenye king'ora chake, mlio tofauti na ule wa baridi. Na kwa sababu loop yenyewe inaweza kuganda, nimewasha saa ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu, ile inayoiwasha bodi upya isiposalimiwa ndani ya sekunde 8. Hivi vitu vipo kwenye chipu ile ile waliyotuuzia. Kuvionyesha kungewachukua asubuhi moja, asubuhi ile ya kupaka fomu rangi.

Na sensa waliyoweka kwenye kifurushi. Ni DHT11, ile ya bluu. Kwa kujifunzia haina neno. Lakini usahihi wake ni nyuzi 2 juu au chini, na inasoma kwa nyuzi nzima nzima. Mayai yanataka 37.5. Sensa ikikuambia 37 huku ndani kuna 39, unaua vifaranga ndani ya ganda ukiamini uko salama. Walijua nini tunataka kutengeneza, kila mmoja alijieleza siku ya kwanza. DHT22, ile nyeupe, inakosea kwa nyuzi nusu tu, na tofauti ya bei haimalizi hata jogoo mmoja wa sokoni Uyole. Mimi nilinunua yangu. Ukiitumia kumbuka haipendi kuulizwa mara kwa mara, iache sekunde 2 kati ya usomaji mmoja na mwingine, na hapo utaona faida ya kuachana na delay.

Sehemu ya meseji hawafundishi kabisa, msije mkawadai. Nimeifanya kwa moduli ya SIM800L, kifaa kidogo kinachotumia laini ya simu. Wengi inawasumbua kwa sababu wanailisha volti 5 za bodi. Inataka kati ya 3.4 na 4.4, na ikianza kutafuta mtandao inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mpigo, bodi haiwezi. Mpe betri ya lithiamu ya 3.7 yake peke yake. Nilichofurahia ni kwamba baada ya lile darasa, moduli hii niliielewa haraka. Meseji ikiingia yenyewe inatuma mstari unaoanza na +CMTI bila kuulizwa. Zamani ningeandika lupu ya kuuliza kila sekunde kama kuna meseji. Sasa nasubiri mstari huo tu. Mfugaji anatuma neno JOTO, mashine inamjibu.

Kuhusu lugha: mwalimu anafundisha Kiswahili kitupu na anajua kukifanyia kazi, vitini vyote ni Kiingereza. Mama mstaafu alivyokuwa anatutafsiria wakati wa chai alitusaidia kuliko kitini chenyewe. Chai ni ya kujitegemea, kuna dada chini anakaanga maandazi, wahini kabla ya saa nne hayabaki.

Je, usingeweza kujifunza bure? Ungeweza. Maelezo yote ya msingi ya JavaScript na Arduino yako mtandaoni, na kijana mwenye bando na Kiingereza anajifunza mwenyewe. Mimi sina subira ya kutafuta kosa la mabano peke yangu saa sita usiku. Vijana wa chuo waliosoma nasi walisema chuoni wameshayasikia haya kwa nadharia, wamekuja kuyashika. Kwa mwanafunzi wa sekondari naona bado ni ghali, labda wamwekee bei yake.

Wanapokea awamu mpya kila baada ya miezi kadhaa, ulizia mapokezi. Kabla ya kulipa, waambie unataka DHT22 kwenye kifurushi na uko tayari kuongeza hela. Mwenzangu wa Tukuyu alifanya hivyo na walimkubalia. Waulize pia siku ya intarapti ni lini, siku hiyo usikose na usichelewe. Ukifika, kaa meza ya dirishani. Ile ya mlangoni soketi yake imelegea, niliikaza mara moja kwa bisibisi yangu, lakini kwa inavyotumika sidhani kama imedumu.